Vidonge vya Vitamini E na Dawa Nyingine: Maswali Yanayoulizwa Tanga

Katika maduka ya dawa ya Ngamiani, mjini Tanga, kichupa cha vidonge laini vya vitamini E, vyenye rangi ya asali, hununuliwa bila cheti cha daktari na mara nyingi bila swali lolote. Maswali huja baadaye, na haya ndiyo yanayorudiwa zaidi.

Vitamini E ni nini hasa?

Ni kirutubishi kinachoyeyuka katika mafuta, kilichogunduliwa mwaka 1922 nchini Marekani na Herbert Evans na Katharine Bishop. Kazi yake kubwa ni kulinda kuta za seli zisiharibiwe na kemikali kali zinazozalishwa mwili unapotumia oksijeni, na ndiyo maana huitwa antioksidanti. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Gramu 100 za karanga zina takriban miligramu 8, na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya 5, kwa hiyo anayekula mchicha wa karanga uliopikwa kwa mafuta hayo amekwisha kupata sehemu nzuri ya mahitaji yake kabla hajafika dukani.

Kama imo kwenye karanga, kidonge kitanidhuru vipi?

Tofauti ni wingi. Vidonge vingi huandikwa 400 IU, yaani yuniti za kimataifa, na kama kwenye kichupa jina la kikemikali la vitamini hii, alpha-tokoferoli, limetanguliwa na herufi d peke yake, yaani vitamini ya asili, kidonge kimoja kina miligramu 268, karibu mara 18 ya mahitaji ya siku. (Zikiwa dl, imetengenezwa kiwandani na nguvu yake ni ndogo zaidi.) Marekani imeweka kikomo cha miligramu 1,000 kwa siku kutokana na vidonge, ilhali Ulaya imeweka 300 tu.

Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994, uliohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133, ulionyesha kwamba waliopewa miligramu 50 kila siku walikufa zaidi kwa kiharusi cha kuvuja damu ubongoni kuliko wasiopewa. Mwingine wa Marekani na Kanada ulitangaza mwaka 2011 kuwa wanaume waliomeza yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Kwa maoni yangu, mwanamume mwenye afya njema hana sababu ya kununua kichupa hicho.

Mama yangu anatumia warfarini kwa ajili ya moyo. Je, naweza kumnunulia vitamini E ili apate nguvu?

Hapana, usimpe kabla ya kuzungumza na kliniki inayomhudumia. Warfarini huzuia vitamini K isitumike kutengeneza vigandisha damu, na vitamini E nyingi nayo huidhoofisha vitamini K hiyohiyo, tena hupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikamana pale mshipa unapokatika. Mgonjwa anakuwa amesukumwa upande mmoja na mikono miwili. Athari haionekani siku ya kwanza. Hujijenga polepole kwa wiki kadhaa, wakati kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda na ambacho kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kubaki kati ya 2 na 3, kinaweza kupanda bila yeye kuhisi chochote.

Si kila mgonjwa hupata tatizo hili, lakini hakuna njia ya kujua nani atalipata bila kupima. Ikiwa amekwisha kuanza kumeza, asiache warfarini kwa hofu, kwani damu kuganda kwenye moyo nako kunaua. Aende kupimwa INR na kusema wazi alichomeza. Fizi zinazotoka damu anapopiga mswaki, michubuko isiyo na sababu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami au maumivu makali ya ghafla ya kichwa ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Wala asiache mchicha na kisamvu, kama wengi wanavyoambiwa mtaani: majani hayo yana vitamini K, na kinachotakiwa ni kuyala kwa kiasi kisichobadilikabadilika.

Dawa zipi nyingine zinahusika?

Aspirini na klopidogreli, dawa zinazozuia chembe sahani kushikamana, kwa sababu vitamini E nayo hufanya hivyohivyo. Diklofenaki, ambayo watu hununua kwa maumivu ya mgongo kana kwamba ni peremende, huweza kuchubua tumbo, na damu isiyoganda vizuri huongeza hatari. Anayetibiwa saratani kwa dawa au mionzi amuulize daktari wake kwanza, kwani baadhi ya tiba hizo huua seli kwa kutumia kemikali zilezile ambazo antioksidanti huzizima. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari mapema. Wengi huagiza vidonge hivi visitishwe takriban wiki 2 kabla.

Mimi simezi. Ninakitoboa kwa pini na kupaka usoni usiku.

Kiasi kinachopenya kwenye damu kwa njia hiyo ni kidogo, kwa hiyo hofu ya dawa nyingine haikuhusu sana. Tatizo ni ngozi yenyewe, kwani baadhi ya watu hupata muwasho na vipele. Jaribu tone moja ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili, na pakiwasha, uache.