Skuta iliyotumika: kilomita chache si kila kitu

Wengi wanaotafuta skuta iliyotumika ya kwendea kazini huamini kuwa yenye kilomita chache ndiyo nzima zaidi. Kilomita ni kidokezo tu. Skuta iliyolala uani miaka mitano huchakaa bila kutembea: mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu la nyuma hupasuka, petroli hugandia kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Tazama ubavuni mwa tairi. Tarakimu nne kama 2319 zina maana limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dashibodi ikionyesha kilomita 6,000 huku mpira wa mshikio umelika hadi kuwa laini, uliza kwa nini. Na mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi ndipo utajua inavyowaka. Hilo mimi siliachi kamwe.