Kuotesha dawa za kienyeji kwa mbegu hapa Bukavu: maswali na majibu, pamoja na mimea ya sumu

Katika parseli nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda, mubirizi (kichaka cha dawa chenye majani machungu), datura na mbono hukaa kwenye kipande kimoja cha ardhi, na watoto huchezea hapo hapo. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuotesha mimea ya dawa kwa mbegu bila kumdhuru yeyote nyumbani kwake.

Nianze kitalu mwezi gani?

Katikati ya Agosti, chini ya paa. Mvua hurudi Septemba, na miche huwa imara kuhamishwa Oktoba udongo ukiwa umelowa vizuri. Ukichelewa hadi Novemba, mvua kubwa za mlimani hupiga miche midogo na kuisomba na udongo wake. Kumbuka pia kwamba Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi na usiku kuna baridi. Moringa huota hapa, lakini hukua polepole sana. Mwenye shamba Uvira au kwenye bonde la Ruzizi atafanikiwa nayo zaidi.

Nimepanda artemisia mara mbili, haioti. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara kosa ni kufukia mbegu. Mbegu ya artemisia ni ndogo kama vumbi la tumbaku: gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Inahitaji mwanga ili iote, na haina akiba ya chakula ya kuisukuma hata nusu sentimita ya udongo. Ukiifunika kama unavyofunika maharagi, imekwisha.

Fanya hivi. Laza bidoni la lita 5, kata upande mmoja wote, toboa matundu chini kwa msumari wa moto. Chekecha mboji sehemu mbili, mchanga sehemu moja, changanya, mwagia maji yanayochemka na uache yapoe kabisa. Maji hayo huua kuvu nyingi na mbegu za magugu. Chukua mbegu kidogo, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, changanya na kikombe cha mchanga mkavu, kisha nyunyiza juu. Gandamiza kwa kibao. Usifunike kwa udongo.

Usimwagilie kwa juu, maji yatazikusanya mbegu zote kona moja. Weka bidoni ndani ya beseni lenye maji ya sentimita 2, liache mpaka uone uso wa udongo umekuwa mweusi, litoe. Funika kwa sashe (mfuko wa plastiki) inayopitisha mwanga, weka kwenye kivuli chenye mwangaza. Siku 4 hadi 10 utaona kijani. Siku hiyo hiyo ondoa sashe. Wengi huiacha "ili joto liendelee", na baada ya siku mbili wanakuta miche imelala chini: shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapogusa udongo. Hiyo ni kuvu ya unyevunyevu, na mche ulioanguka hauponi. Toa iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, ruhusu hewa.

Miche ikiwa na majani manne, ihamishie moja moja kwenye visashe. Ikifika sentimita 15, ipeleke bustanini, mita moja kati ya mche na mche.

Kuna tatizo la pili ambalo wauza mbegu hawalisemi. Artemisia ya nchi za baridi hutoa maua siku zinapokuwa fupi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo aina hiyo huchanua ikiwa bado magotini na majani huwa machache. Tafuta aina iliyochaguliwa kwa ajili ya tropiki. Na kama ni chotara, mbegu utakazochuma mwenyewe hazitazaa mmea ulio sawa na mama yake.

Ikikua, chai yake itatibu malaria?

Hapana, usiitegemee. Artemisinini, dawa ya malaria, ilitolewa kwenye mmea huu na Tu Youyou nchini China miaka ya 1970, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015, lakini alichofanya ni kuitoa na kuisafisha, si kuchemsha majani. Kiasi kilichomo kwenye jani hubadilika kulingana na aina, siku ya kuvuna na namna ya kukausha, na chai hutoa sehemu tu ya kiasi hicho. Vimelea hupungua, homa hushuka, mgonjwa anafurahi. Baada ya siku kadhaa ugonjwa unarudi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya artemisia ya majani kwa kutibu au kuzuia malaria. Upande wa pili wa Ruzizi, nchini Rwanda, watafiti walichapisha mwaka 2020 habari za vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza nguvu ya artemisinini. Kuwapa vimelea dawa nusunusu ni kuwafundisha kuishi nayo.

Homa kwa mtoto ni kituo cha afya, kipimo cha haraka cha malaria (TDR), na dawa mseto kwa siku zote zilizoandikwa. Mama mjamzito asinywe chai hiyo.

Na mti wa kinkina?

Bukavu inaijua kinkina kwa kwinini yake, lakini gamba la mti linalochemshwa nyumbani halina kipimo. Dozi ikizidi, masikio huvuma, macho hufifia, sukari ya damu hushuka, moyo hupiga vibaya. Panda mti ukitaka. Gamba liache kiwandani.

Mbegu ngumu kama za mti wa Lyangombe zinaoteshwaje?

Mti huo wenye maua mekundu (erithrina) umeheshimiwa kwa vizazi katika ibada za Lyangombe, mzimu mkuu wa jadi, na wengi bado wanautaka mpakani mwa parseli. Mbegu yake ni nyekundu na ina doa jeusi. Gamba lake halipitishi maji. Ukiifukia hivyo hivyo inaweza kukaa ardhini miezi.

Tazama jicho la mbegu, yaani lile doa. Upande ulio mkabala nalo, sugua kwenye simenti mpaka uone weupe kidogo, basi uache. Ukisugua kwenye jicho unaua kiini. Loweka usiku mmoja kwenye maji ya kawaida. Asubuhi zilizovimba zipande sentimita 2 chini. Ambazo hazikuvimba zisugue tena. Tefrosia, ile ya kulevya samaki ambayo majani yake makavu ya unga hulinda maharagi dhidi ya fukusi, nayo pia inataka kulowekwa usiku mmoja.

Tahadhari mbili. Mbegu za erithrina zina sumu inayolegeza misuli. Na kuna mbegu nyingine ndogo, nyekundu na nyeusi, zinazotungwa shanga: turituri. Hiyo ni hatari zaidi, hasa ikitobolewa, maana gamba ndilo lililokuwa likizuia sumu. Mtoto asivae bangili yake.

Mubirizi?

Usihangaike na mbegu. Kata kijiti cha sentimita 25 kilichokomaa, chomeka theluthi mbili ardhini kwa mshazari mwanzoni mwa mvua.

Mimea ipi ya sumu niijue kwa macho?

Datura kwanza, kwa sababu haipandwi, inajileta. Huota jalalani na katikati ya lengalenga. Jani la lengalenga lina ukingo laini. La datura lina meno makubwa yasiyo sawa, na ukilisugua linanuka vibaya. Tunda lina miiba, ndani mna mbegu nyeusi au za kahawia, bapa kama figo. Mbegu hizo zikiingia kwenye nafaka ni balaa: mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochafuliwa na sumu za jamii hii ya mimea uliwaumiza watu wapatao 300, na 5 wakafa. Chambua maharagi na mahindi kwenye ungo, mchana.

Ndugu yake ni ule mti wa uzio wenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta. Ukiukata kisha ukajisugua jicho, mboni hupanuka na huoni vizuri siku nzima. Vaa glavu, nawa.

Mbono: mafuta yaliyokamuliwa vizuri hayana risini, sumu hubaki kwenye mashudu. Mashudu huua kuku na mbuzi. Kata mashuke kabla hayajakauka, la sivyo matunda hupasuka na kurusha mbegu mpaka uani kwa jirani.

Mbegu za sumu usizihifadhi jikoni, wala kwenye chupa ya soda. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi yenye jina, tarehe na fuvu jekundu, juu, mbali na mikono ya watoto.

Mtu wetu anasemekana amewekewa karuho, yaani sumu ya kichawi. Nimpe mmea wa kutapisha?

Usimpe. Mtu anayekonda, anayekohoa au mwenye tumbo linalouma kwa wiki nyingi mara nyingi ana kifua kikuu, vidonda vya tumbo, homa ya ini au VVU, na yote hayo yana vipimo. Kumtapisha mtu dhaifu humkausha maji na huchelewesha makohozi yake kupimwa. Anayetaka kusali au kufanyiwa desturi ya ukoo afanye, lakini vipimo vitangulie.

Mtoto ametafuna mbegu. Nifanye nini?

Toa vilivyobaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa, asukutue na kutema. Usimtapishe. Usimpe mawese, maziwa wala unga wa makala: mtoto aliyesinzia huvivuta mapafuni. Akisinzia mlaze ubavu. Kwa datura utaona mdomo mkavu, ngozi nyekundu yenye joto, mboni kubwa, mkojo kukwama, na mtoto anazungumza na watu wasiokuwepo. Wengi hudhani ni mapepo. Kwa mbono na turituri anaweza kuonekana mzima kwa saa nyingi, kisha akaanza kutapika na kuhara damu, kwa hiyo mpeleke hospitali hata kama anacheza, na aangaliwe huko angalau saa 24. Beba tawi lenye jani na tunda, na mbegu zilizobaki, ili daktari asibahatishe.