Kibanda cha Kutazamia Nyota Huanzia Ardhini

Anayetaka kujenga kibanda cha darubini nyuma ya nyumba yake huanza kuniuliza habari za paa: liwe kuba, au lile la kusukuma kwenye reli? Ni swali zuri, ila si la kwanza. Paa bovu litakuchosha, lakini nguzo mbovu, ile inayobeba darubini, itakuharibia kila picha utakayopiga, na hakuna programu itakayoirudisha. Kwa hiyo mimi huanza na shimo.

Hesabu yenyewe ni hii. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, hivyo nyota huonekana zikisogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Digrii moja ina sekunde 3,600 za tao. Ukiiacha kamera wazi kwa dakika 5 kupiga nebula, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, anga litakuwa limesogea digrii 1 na robo, zaidi ya upana wa miezi mipevu miwili ikiwekwa sambamba. Mtambo unaozungusha darubini unatakiwa uufuate mwendo huo wote bila kukosea hata pikseli moja. Kamera yenye pikseli za mikromita 3.76, ikifungwa kwenye darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale picha inapojikusanya) wa milimita 800, kila pikseli yake huchukua takriban sekunde 1 ya tao. Sasa chukua nguzo ya mita 1. Kichwa chake kikiegama mikromita 5 tu, ambazo ni sehemu ndogo sana ya unene wa unywele, darubini imeshageuka sekunde 1 nzima ya tao. Hatua moja ya mguu wako inatosha kufanya hivyo.

Dawa yake ni nguzo na sakafu visigusane popote. Nguzo iwe na msingi wake, uliochimbwa hadi kwenye udongo mgumu, na nondo zipande kutoka kwenye msingi huo mpaka juu bila kukatika. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400, na kwa darubini nyingi za nyumbani hiyo inatosha kabisa. Sakafu imwagwe baadaye, ikiacha mwanya wa sentimita mbili tatu kuizunguka nguzo, uzibwe kwa sponji laini ili wadudu wasipite. Fundi mzuri atataka kuuziba kwa saruji, maana mkono wake umezoea kumaliza kazi kwa usafi. Siku hiyo uwepo. Mwagilia zege ipasavyo na ulipatie siku 28 likomae. Ukitumia bomba la chuma badala ya zege, lijaze mchanga mkavu ili ukiligonga mlio ufe hapo hapo. Na zile bolti ndefu zinazoinua bamba la juu, lile linaloshika mtambo wa darubini, mbali na nguzo, mimi sizipendi: hupepesuka. Ziwe fupi na nene.

Adui wa pili ni joto. Ukuta wa tofali hunywa jua mchana kutwa, kisha huanza kulitema wakati wewe unaanza kazi, na hewa juu yake hucheza kama inavyocheza juu ya lami saa saba mchana. Nyota inavimba na kutetema, na Jupita inapoteza mikanda yake myembamba ya mawingu. Mbao nyepesi iliyopakwa rangi nyeupe hupoa upesi, kwa hiyo ndiyo ninayoishauri. Fungua paa mapema, jua likikaribia kuzama, ili kioo cha darubini kipoe pamoja na hewa ya nje.

Hapo ndipo paa la kusukuma linapolishinda kuba, kwa maoni yangu: likiondoka lote, joto nalo huondoka lote. Kuba hukinga upepo na taa za jirani vizuri zaidi, sibishi. Lakini kuta za kadiri zinaweza kufanya kazi hiyo. Usiogope kupoteza anga la chini. Kwenye kimo cha digrii 30 mwanga wa nyota tayari hupita kwenye hewa maradufu ya ile iliyo juu ya utosi, na chini ya hapo picha huzidi kudhoofika. Chini ya bati weka kizuia joto, la sivyo unyevu utageuka matone huko usiku na kukudondokea kwenye vifaa. Paa lifungwe kwa komeo imara kila upande, kwa sababu upepo hulinyanyua kabla ya kulisukuma. Likiwa na mota, weka swichi inayolizuia kusogea mpaka darubini ilale.

Umeme usiwe na ubahili: kikata umeme cha kuzuia watu kupigwa shoti, nyaya za umeme na za data kwenye mabomba tofauti, na mkanda wa joto kwenye lenzi dhidi ya umande.

Ukiniuliza utaratibu, jenga nguzo kwanza na uitumie peke yake msimu mzima, ukiifunika turubai. Utajua upepo unatokea wapi, taa ipi inakusumbua, na mti upi unakuzibia Kilimia. Halafu ruka kando ya nguzo huku mwenzako akitazama nyota kwa ukuzaji mkubwa. Nyota isipotikisika, ita fundi wa kuta.