Kinyausi: kwa nini nyasi changa hulala chini

Umepanda mbegu za nyasi, ua limeanza kupata kijani, kisha asubuhi moja unakuta viraka vya miche iliyolala kana kwamba imekanyagwa. Wengi hapa Nairobi hulaumu ndege. Vuta mche mmoja taratibu: ikiwa shina limelainika penye usawa wa udongo, likawa la kahawia na jembamba kama uzi, hicho ni kinyausi.

Hili ni jina la kuoza kwa miche michanga kunakoletwa na vimelea kadhaa vya udongoni, hasa Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Pythium hata si kuvu kamili, bali ni jamaa wa mwani, na vijimbegu vyake huogelea majini. Mara nyingine mbegu huoza kabla ya kuchipua, na muuzaji akatukanwa bure.

Kwa hiyo kinga kubwa ni jinsi unavyotumia maji, na hapo ndipo mgao wa mjini unapotuponza. Mfereji ukitoa maji saa nne usiku, mtu hushika mpira akamwagilia papo hapo, na miche ikalala imelowa hadi kuche. Afadhali ujaze tangi, umwagilie asubuhi. Kabla mbegu hazijachipua, nyunyiza kidogo kidogo, udongo wa juu tu usikauke. Zikishachipua, punguza mara za kumwagilia, na uso wa udongo uachwe ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Udongo mwekundu wa Karen hupitisha maji vizuri. Ule mweusi wa Embakasi huyashika, basi uupe mteremko na mboji iliyoiva. Samadi mbichi iache. Usipande Julai: kwenye baridi mbegu za nyasi ya kikuyu huchelewa kuchipua, na zinazidi kukaa mdomoni mwa adui. Kumwaga mbegu nyingi mno nako hakufai, kwani miche iliyosongamana haipati hewa.

Mbegu zilizopakwa dawa zina kinga ya awali (rangi yake kali ni onyo, usiwape kuku). Dawa ya metalaxyl huzuia Pythium lakini haigusi Rhizoctonia, na hakuna dawa inayoinua mche ulioanguka. Kiraka kilichokufa kipige reki, kikauke siku chache, kisha upande upya. Au tumia vipando, yaani vipande vya nyasi iliyokomaa, kama mafundi wengi wa bustani wafanyavyo: shina lililokomaa halisumbuliwi sana na kinyausi.