Dawa haifuti kumbukumbu za panya

Kwenye daladala ya Mbagala nilimsikia kaka mmoja akimweleza mwenzake kwamba dawa za maabara "humfuta panya ubongo". Sivyo. Skopolamini, kwa mfano, huziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea asetilikolini, kemikali inayousaidia ubongo kuwa makini na kunasa jambo jipya. Panya aliyechomwa sindano hiyo kabla ya kuonyeshwa kitu, baadaye hukinusa tena kama kigeni, kwa sababu hakikunaswa vizuri tangu mwanzo. Alichokwisha kujifunza barabara huwa hakiguswi sana. Dawa ikiisha mwilini, anajifunza tena. Tena tuwe waangalifu: panya asiyetulia, au aliyeshindwa kuzingatia, naye huonekana msahaulifu, kumbe kumbukumbu yake haina tatizo.