Makato kwenye salari slipu siyo risiti ya Mfuko

Malalamiko kuhusu michango isiyoonekana yameongezeka katika ofisi yetu ya Arusha ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), na mengi yanatoka kwa watumishi wa halmashauri. Mtu anafika na bahasha ya salari slipu za miaka mitatu, anaziweka mezani na kuuliza, "Hela yangu mmeikata, iko wapi?" Kwa heshima zote, Mfuko haumkati mtu mshahara. Anayekata ni mwajiri. Salari slipu inaonyesha kilichotoka kwako. Kilichotufikia sisi kinaonekana kwenye taarifa ya michango, nayo unaweza kuifungua kwenye simu kupitia programu ya PSSSF Kiganjani bila kupanda basi la alfajiri kutoka Loliondo.

Kiwango ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi: mtumishi asilimia 5, mwajiri asilimia 15. Anayelipwa Sh600,000 hukatwa Sh30,000, na mwajiri anaongeza Sh90,000. Hiyo ya mwajiri si hisani, wala haruhusiwi kuichomoa kwenye mshahara wako kwa mlango wa nyuma.

Mishahara ya watumishi wa halmashauri hutoka kwenye vyanzo viwili, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Walimu, wauguzi na watumishi wengine walio kwenye orodha ya malipo ya Serikali Kuu hulipwa na Hazina, na michango yao huletwa kutoka huko huko. Mkurugenzi wa Meru au wa Karatu hashiki fedha hiyo hata siku moja. Lakini wapo wanaolipwa kwa mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, ada za leseni, kodi za vibanda. Hawa michango yao inalipwa na halmashauri yenyewe, na makusanyo yakiyumba, michango nayo huyumba. Malalamiko mengi yenye msingi yanatoka kwenye kundi hili.

Kwa kundi hili utaratibu uko hivi. Afisa utumishi anaandaa jedwali lenye jina, cheki namba (namba ya utumishi), mshahara na mchango wa kila mtumishi. Mweka hazina anahakiki jumla, inatolewa namba ya malipo, mkurugenzi akiwa afisa masuuli, yaani msimamizi mkuu wa fedha za halmashauri, anaidhinisha, fedha inapita benki, kisha sisi tunaigawa kwenye akaunti za wanachama kwa kufuata jedwali. Tunaigawa kwa kufuata jedwali, narudia, hatugawi kwa kukisia. Jumla ya jedwali ikitofautiana na fedha iliyolipwa, au cheki namba ikikosewa tarakimu moja, fedha itakuwa imefika Mfuko lakini haijafika kwako. Waliohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na wenye majina matatu kazini na mawili kwenye kitambulisho, waangalie sana hapo.

Michango ya mwezi inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 baada ya mwezi huo kwisha. Ikichelewa, mwajiri anaongezewa tozo kwa kila mwezi wa kuchelewa, juu ya deni lenyewe. Deni na tozo hudaiwa pamoja, kwa notisi kwanza, na ikibidi kwa mkondo wa sheria, kwa mujibu wa sheria ya Mfuko, Sheria Na. 2 ya mwaka 2018. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye huyatazama makato yasiyowasilishwa, na wakurugenzi wanajua uzito wa kuitwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa kujieleza. Tozo hiyo hailipwi na mtumishi. Kuna uvumi kwamba inakatwa kwenye mafao, si kweli.

Kwa nini miezi michache ikusumbue? Kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichoanza Julai 2022, kila mwezi uliochangiwa huhesabiwa kama sehemu 1 kati ya 580 ya wastani wa mshahara wako wa mwaka. Mwenye wastani wa Sh870,000 kwa mwezi ana Sh10,440,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 580, unapata Sh18,000, ambayo ni pensheni ya mwaka inayotokana na kila mwezi mmoja uliochangiwa. Miezi 12 isipoonekana, anapoteza Sh216,000 kwa mwaka, yaani pensheni yake kamili inapungua Sh18,000 kila mwezi kabla ya kutenga mkupuo (sehemu inayolipwa kwa mara moja anapostaafu), na upungufu huo atauishi hadi mwisho wa maisha yake. Mwenye jumla ya miezi chini ya 180 hafikii hata sifa ya pensheni ya uzee. Tunaomba watu waache kuja na hoja hii wakiwa na miaka 59.

Wale wanaosema "mimi ni wa LAPF, hayo hayanihusu", mifuko ya zamani ya LAPF, PSPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF Agosti 1, 2018. Miezi yako ya huko inahesabika. Kama haionekani, leta ushahidi.

Ukiona pengo, anza kwa afisa utumishi wako, kwa barua inayotaja miezi husika, na nakala kwetu. Ambatisha salari slipu za miezi hiyo tu, si bahasha nzima. Kurekebisha kumbukumbu hakulipiwi, kwa hiyo anayekuomba "hela ya kusukuma faili" si mtu wetu.

Na wapo wanaouliza kama wanaweza kujilipia wenyewe miezi iliyokosekana ili mambo yaishe. Hapana. Deni ni la halmashauri, na linabaki kuwa la halmashauri hata kama mkurugenzi aliyeliacha ameshahamishiwa mkoa mwingine.