Tiketi ya shule si tiketi ya bei poa

"Shikamoo mwalimu. Nina wageni watano wanakuja kutoka Dar mwezi wa saba, naomba unitolee zile tiketi zako za shule za Disney, hela nakurushia leo leo."

Marahaba. Na jibu ni lilelile nililowapa waliotangulia: haiwezekani. Najua kuna wanaoamini nabania. Wengine wanasema nina mtu wangu ndani. Sina mtu ndani, na tiketi sina. Kazi yangu hapa Orlando ni kupanga safari za masomo kwa shule na kwa familia zinazosomesha watoto nyumbani, na nilicho nacho kabatini ni orodha za majina, fomu za ruhusa za wazazi na ratiba zilizofutwafutwa. Sasa naandika mara moja, nikiulizwa tena nitatuma kiungo.

Nadhani najua dhana hii inatoka wapi. Kwetu, nafuu hufuata mtu. Serengeti Mtanzania analipa kwa shilingi, mgeni kwa dola. Mwanafunzi analipa chini ya mtu mzima kwa sababu ni mwanafunzi. Mwalimu mkuu anaandika barua, muhuri unagongwa, basi linafika getini, watoto wanahesabiwa, wanaingia. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna tiketi za wanafunzi za bustani za burudani, anafikiri: mimi nina mtoto, mtoto anasoma, basi tunastahili.

Huku hesabu imegeuzwa. Swali la kwanza si wewe ni nani. Unaulizwa mko wangapi, mnakuja tarehe ipi, mtaingia darasani saa ngapi na nani anamsimamia nani. Mtoto wako anaweza kuwa wa kwanza darasani kila muhula na bado asipate tiketi hiyo akija na baba, mama na shangazi tu Jumamosi ya Krismasi. Unanunua programu. Tiketi ya kuingilia imeshonewa humo ndani.

Disney wana mpango wao, ambao zamani ulijulikana kama Youth Education Series na sasa unaitwa Imagination Campus. Bustani kubwa nyingine nazo zina yao. Legoland kule Winter Haven wana siku za wanaosomea nyumbani, na Six Flags wana siku za fizikia. Masharti yanatofautiana na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma ya tarehe yako, usisome ya jirani yako ya miaka mitatu iliyopita. Ila umbo lake ni lilelile: kikundi chenye idadi ya chini, mara nyingi kumi, tarehe iliyofungwa mapema, wasimamizi watu wazima, malipo kabla ya siku yenyewe, na mara nyingi somo linaloongozwa na wafanyakazi wa bustani.

Sasa tuje kwenye swali linalonikera kuliko yote: "Ni nafuu kwa asilimia ngapi?"

Asilimia ya nini, ndugu yangu? Watu wanauliza kana kwamba getini kuna bei moja iliyochorwa kwa rangi ukutani. Walt Disney World, yaani bustani za Disney hapa Orlando, waliacha bei moja ya mwaka mzima zamani. Tiketi ya siku moja ilianza kupishana kwa msimu mwaka 2016, na mwezi Oktoba 2018 hata tiketi za siku nyingi zikaanza kufuata tarehe. Mwishoni mwa 2022 Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, ilikuwa inauzwa kuanzia dola 124 hadi dola 189 kwa mtu mzima, bustani ileile, geti lilelile. Animal Kingdom, bustani yao nyingine, wakati huohuo ilikuwa dola 109 hadi 159. Ndani ya bustani moja, tofauti ni kalenda tu.

Chukua hesabu ya mfano, maana bei halisi utaletewa na watu wa programu. Tuseme tiketi ya wanafunzi ni dola 115. Ukiipima na siku ya dola 124, umeokoa dola tisa. Ukiipima na siku ya dola 189, umeokoa 74, na hapo ndipo watu huanza kunipigia simu usiku. Tatizo ni kwamba zile siku za dola 189 ni wiki za sikukuu, na ndizo siku ambazo programu nyingi za masomo zimefungiwa. Nafuu kubwa ipo kwenye karatasi, kwa tarehe ambayo haiuzwi. Tarehe inayouzwa ni Jumanne fulani ya mwezi wa tisa, ambapo getini nako ni rahisi.

Halafu toa gharama ambazo hakuna anayeziweka kwenye hesabu. Familia ikija na gari lake inalipa maegesho, ambayo Disney kufikia mwaka 2024 yalikuwa dola 30. Zile dola tisa zimekwenda, na za mtoto wa pili na wa tatu zimekwenda nazo. Toa muda wa kujipanga, kukusanyika na kuhudhuria somo, na hayo yote ni asubuhi, wakati ambapo foleni za michezo mikubwa ndiyo fupi. Na hapana, tiketi ya masomo haikurushi foleni. Mzazi mmoja aliniambia kwa hasira kwamba alidhani watoto wa shule wanapita mbele. Wanapita mbele ya nani?

Kwa hiyo wale wageni watano wa mwezi wa saba wanunue tiketi ya kawaida ya siku kadhaa. Bei kwa siku inashuka kadiri siku zinavyoongezeka, na hapo ndipo msafiri wa mbali anapopata unafuu wa kweli. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anaingia bure. Akifikisha kumi analipiwa bei ya mtu mzima, na hakuna wa kubishana naye. Na wakija Julai wajiandae kwa joto na mvua za radi za mchana, zinazofunga michezo ya nje bila kuomba radhi.

Narudi kwenye ile kumi ya kikundi. Watu wameigundua, kwa hiyo sasa napata vikundi vilivyoungwa kwa Wasapu: mama wa Kampala ana watoto watatu, familia ya Mombasa ina wanne, jirani Mhaiti ana wawili, anatafutwa wa kumi. Je, hicho ni kikundi cha masomo? Kimasharti mara nyingi ndiyo, kama wote wamefuata taratibu. Sheria ya Florida inamtaka mzazi anayesomesha nyumbani amwandikie msimamizi wa elimu wa kaunti ndani ya siku 30 tangu aanze, atunze kumbukumbu za masomo na mtoto afanyiwe tathmini kila mwaka. Familia yenye hivyo vitu iko darasani kama shule yoyote. Lakini nakiri hapa nina shaka ambayo vipeperushi havina. Nikiona watoto kumi ambao hawajawahi kukaa meza moja, wa miaka mitano na wa kumi na nne pamoja, wamewekwa kwenye somo moja la mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, najiuliza ninapanga somo au ninapanga punguzo. Mpaka ulipo sina uhakika nao. Ninachofanya ni kumuuliza kiongozi swali moja: Jumatatu inayofuata utawapa kazi gani kuhusu safari hii? Akikaa kimya sana, namwelekeza kwenye tiketi za kawaida.

Tiketi ya bure ya msimamizi nayo imevunja urafiki wa watu. Bustani nyingi hutoa moja kwa kila idadi fulani ya zilizolipiwa. Basi nani aichukue? Nasema hivi, na sirudi nyuma: msiigawe kwa mtu. Jumlisheni gharama zote, mgawane sawa. Nimeona wamama wakiacha kusalimiana kwa sababu ya tiketi hiyo moja.

Sasa somo lenyewe, ambalo watu wanataka "kulipitia haraka ili tukaendelee". Hapa ndipo penye uhondo, na wanaliacha.

Chukua rola kosta yoyote iliyo nje, ile treni ya mchezo inayopanda vilima na kushuka mabonde kwenye reli, unayoiona ukiwa umesimama chini. Kazi: tafuta kasi ya treni pale bondeni. Mtoto hahitaji kuipanda. Anahitaji urefu wa treni, nguzo moja na saa ya kupimia sekunde. Anabonyeza pua ya treni ikifika kwenye nguzo, anabonyeza tena mkia ukipita. Tuseme treni ina mita 12 na saa imesema sekunde 0.6. Kumi na mbili gawanya kwa 0.6 ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Watoto wanashangilia. Hapo namwita mwenzake aliyepima treni ileile, yeye ana 0.8. Mita 15 kwa sekunde, kilomita 54. Nani mwongo? Hakuna mwongo. Kidole cha binadamu kinachelewa, na sehemu mbili za kumi za sekunde zimekula kilomita 18. Inabidi kupima tena na tena na kuchukua wastani, na mtoto ameelewa kwa nini, bila mimi kuhubiri.

Au kipima mchapuko cha bomba. Bomba la plastiki linaloonekana ndani, uzi wa mpira unaovutika umefungwa kwenye kifuniko cha juu, kijiwe kinaning'inia kwenye uzi huo. Kijiwe kinapotulia, chora mstari: hiyo ni 1. Ongeza kijiwe cha uzito uleule, chora: 2. Cha tatu: 3. Ondoa viwili, sasa una kifaa cha kupimia mara ngapi ya uzito wako kiti kinakusukuma. Chini ya bonde kijiwe kinashuka kuelekea mstari wa tatu, juu ya kilima kinapanda kupita ule wa 1. Kifungwe mkononi kwa kamba, na ulizia kwanza, kwa sababu bustani nyingi hazitaki kitu chochote kinachoweza kuruka.

Kisha kuna Tower of Terror, mchezo wa lifti inayoporomoka ndani ya jengo refu, pale Hollywood Studios, bustani nyingine ya Disney; ulifunguliwa mwaka 1994. Jengo lina futi 199, kwa sababu likifika 200 sheria za anga zingedai taa za kuonya ndege. Vijana wa sekondari wanafika na fomula yao ya kitu kinachoanguka kwa uzito wake, wanapiga hesabu kwa mbwembwe. Haikubali. Haikubali kwa sababu lile sanduku halianguki tu, linavutwa chini kwa nyaya, linaanza kushuka kwa mchapuko uliozidi wa mvutano wa dunia. Kipima chetu kingeruhusiwa mle ndani, mpira ungelegea kabisa na kijiwe kingegonga kifuniko cha juu. Mwanafunzi aliyekariri hukasirika hapo. Aliyeelewa anauliza nyaya zinavutwa na nini. Huyo wa pili ndiye aliyeifanya tiketi iwe na maana.

Na Space Mountain, rola kosta ya gizani ya Magic Kingdom, ya mwaka 1975: waulize watoto ilikuwa inakwenda kasi gani. Watakwambia mia, mia na ishirini. Ni kama kilomita 45 kwa saa, mwendo wa daladala barabara ikiwa nyeupe. Giza ndilo linalofanya kazi yote.

Lakini tusidanganyane. Sina hakika kwamba siku ya bustani inafundisha zaidi ya saa mbili nzuri darasani zenye bomba lile lile na mpira ule ule. Kuna vikundi ambavyo wiki moja baadaye wanakumbuka walichokula tu. Ninachoweza kutetea ni kwamba mtoto aliyepima mwenyewe anabishana na namba, na mtoto asiyepima anazinakili. Kama ubishi huo una thamani ya kulala saa tano na kuamka saa kumi, mzazi aamue.

Ya mwisho mwisho, haraka. Usiniulize kama unaweza kumwachia binamu siku zilizobaki kwenye tiketi. Disney World hupima kidole getini, tiketi ni ya mtu mmoja, na Florida kuuza siku zilizobaki za tiketi ya siku nyingi iliyokwisha kutumika ni kosa la kisheria, siyo ujanja wa mjini. Mtoto wa chini ya miaka 14 haingii Disney World bila mtu wa miaka 14 au zaidi, hivyo usimwambie kijana wako wa 13 atatukuta ndani. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. "Mama Junior" si jina la tiketi. Siku ya mwisho ya kubadilisha idadi inatajwa kwenye mkataba, na baada ya hapo aliyeugua umemlipia. Na orodha ya kikundi chapisheni kwenye karatasi, msimamizi mmoja mmoja awe na yake, kwa sababu ifikapo saa nane mchana simu zote zimeishiwa chaji kwa kupiga picha.